Wahandisi Wazee Wasifute Majina Yao

Twasikia baadhi ya wahandisi wa Tanzania wakifika miaka 60 husema: tumekwisha staafu, ada ya kila mwaka ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni ya nini tena? Sisi twasema hesabu hiyo ina kasoro.

Sheria ya mwaka 1997 yamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi ya uhandisi. Jina likitoka daftarini, mzee hana tena haki ya kutia sahihi michoro ya daraja, ajapokuwa na ujuzi wa miaka 35. Tena wako vijana. Tangu mwaka 2003 upo mpango wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka 3, chini ya wahandisi wazoefu, ndipo wasajiliwe. Wazoefu wakijitoa, nani atawaongoza?

Kweli, ada ni mzigo kwa mwenye pensheni, na ni haki atozwe kidogo kuliko mwenye mshahara. Lakini mafunzo yasipunguzwe: zege halijui umri wa aliyetia sahihi.

Wazee wetu, lipeni ada, hudhurieni mafunzo. Nchi ingali yajengwa, na penye wazee haliharibiki neno.