Jina Lililozidi Herufi 64



Siku hizi katika nyumba nyingi kuna kisanduku kidogo juu ya kabati la televisheni, chenye taa za kijani zinazopepesa usiku kucha. Tunakipangusa vumbi, wengine tunakifunika kitambaa cha kufuma (si vizuri, maana kinapata joto), na tunakikumbuka tu pale watoto wanapopiga kelele kwamba intaneti imekatika. Jina lake ni ruta. Hupokea intaneti kutoka nje na kuigawa humo ndani: kwa simu ya baba watoto, kwa kompyuta ya kijana wa sekondari, kwa televisheni, na kwa simu yako wewe mweka hazina wa chama.

Mama mmoja aliniuliza, "Dada, nasikia wezi wanaweza kuingia ndani ya ruta. Mimi nimeweka neno la siri, hata jirani halijui. Sasa wataingiaje?" Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa gari lilikuwa linanisubiri, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi. Leo nalijibu kwa kirefu.

Neno la siri ni kufuli la mlangoni, na ni jema. Lakini ruta ni kompyuta ndogo, na ndani yake kiwandani wamepachika programu inayoiendesha. Programu hiyo ikiwa imeshonwa vibaya, mtu anaweza kupenya kwenye mshono.

Chukueni kisa cha mwaka 2015. Kampuni moja ya Taiwan, KCodes, ilikuwa imetengeneza programu iitwayo NetUSB. Ilikuwa na manufaa: ukichomeka printa au diski kwenye ruta kwa waya wa USB, kila kompyuta nyumbani inaweza kuitumia kana kwamba imechomekwa kwake. Watengenezaji wakubwa wa ruta hawakujisumbua kuandika ya kwao. Waliichukua hiyo ya KCodes na kuipachika katika ruta zao. Ni sawa na wauza maandazi wa mtaa mzima kununua unga kwenye duka moja: unga ukiwa na mchanga, kila andazi litakwaruza meno, hata kama majina ya vibanda ni tofauti.

Mtaalamu mmoja wa kampuni ya SEC Consult ya Austria, Stefan Viehböck, ndiye aliyegundua mchanga huo. Tarehe 19 Mei 2015 kampuni yake ilitangaza habari hizo. Walipokagua bidhaa za watengenezaji watano, yaani D-Link, NETGEAR, TP-Link, TRENDnet na ZyXEL, waliikuta NetUSB katika aina 92.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Kompyuta inapotaka kutumia printa iliyochomekwa kwenye ruta, kwanza hujitambulisha kwa jina. Aliyeandika programu alitenga nafasi ya herufi 64 kwa ajili ya jina hilo. Lakini hakuweka mahali popote pa kuuliza: je, jina hili limezidi 64?

Fikirieni mapokezi ya zahanati. Karani ana kadi. Juu kuna mstari wa jina wenye nafasi 64. Chini yake kuna mstari ambao mgonjwa hatakiwi kuugusa: "Akimaliza hapa apelekwe chumba namba..." Karani mwenye akili, akiletewa jina refu kupita kiasi, ataacha kuandika nafasi zikiisha, au atamrudisha mtu huyo ajieleze vizuri. Sasa muweke karani mwingine, mtiifu lakini asiyefikiri. Anauliza, "Jina lako lina herufi ngapi?" Mgeni anasema, "Mia mbili." Naye anaandika zote mia mbili. Nafasi 64 zinajaa, wino unashuka mstari wa chini, unafunika namba ya chumba iliyokuwapo. Muuguzi anayefuata hajui lolote. Anasoma kadi na kumpeleka mtu pale kadi inaposema.

Kama herufi zilizomwagika ni za ovyo tu, namba itakuwa ya chumba kisichokuwapo na kazi yote itasimama. Hapo ruta inaganda au inajizima. Lakini mgeni mwenye hila amezipanga herufi zake kwa makusudi. Zile zinazoangukia mstari wa pili zinasomeka "stoo ya dawa". Basi anapelekwa stoo kwa heshima zote, na hakuna aliyevunja mlango.

Wataalamu huita ugonjwa huu kufurika kwa bafa. Bafa ni ile sehemu ya kumbukumbu ya mashine iliyotengwa kushika kitu kwa muda, kama beseni chini ya bomba. Katika kumbukumbu ya kompyuta, jirani na beseni hilo huweza kukaa ile namba inayosema kazi ikiisha irudi wapi. Na NetUSB haikufanyia kazi sebuleni. Ilikuwa ndani kabisa ya kiini cha ruta, mahali penye mamlaka juu ya kila kitu. Aliyefika pale amekuwa mwenye nyumba.

Mtauliza, hakukuwa na kufuli hata hapo? Lilikuwapo. Kabla ya kupokea jina, programu ilidai ufunguo wa siri. Ila ufunguo huo ulikuwa mmoja usiobadilika, na nakala yake ilikuwa pia ndani ya programu ambayo mteja anaiweka kwenye kompyuta yake. Yeyote aliyekuwa na muda wa kuitafuta aliipata. Ni kama fundi auze makufuli kwa mji mzima, yote ya ufunguo mmoja, na ufunguo ameuning'iniza dukani.

Kwa haki ya watengenezaji niseme kwamba katika ruta nyingi za wakati ule mlango wa NetUSB ulifunguka kwa upande wa ndani tu. Mwizi alihitaji kwanza awe kwenye mtandao wa nyumba yako: mgeni uliyempa neno la siri, kijana wa jirani aliyelibahatisha, au kompyuta ya nyumbani iliyokwisha kuambukizwa. Kwa hiyo neno la siri la yule mama lilikuwa na kazi yake. Lakini watafiti waliona dalili kwamba baadhi ya ruta zilikuwa zimeuacha mlango huo wazi hata kwa upande wa intaneti.

Kilichoniudhi mimi ni jambo lingine. Katika ruta walizozijaribu, NetUSB ilikuwa ikifanya kazi hata kama hakuna printa wala diski iliyochomekwa. Na NETGEAR iliwaambia watafiti kwamba katika ruta zake hakuna njia ya kuizima. Mwenye ruta angoje marekebisho. Hebu fikirini: umenunua kitu kwa fedha yako, kina mlango usiouhitaji, na huwezi kuufunga.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Tarehe 2 Novemba 1988 kijana mmoja wa Marekani, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Njia mojawapo aliyotumia ilikuwa hii hii: programu moja ilikuwa imetenga nafasi ya herufi 512 kwa swali litakaloletwa, naye akaipelekea 536. Herufi 24 za ziada zilitosha. Makadirio ya wakati ule yalikuwa kwamba kompyuta kama 6,000 ziliambukizwa, na intaneti nzima ilikuwa ndogo. Mahakama ilimpa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi ya jamii na faini ya dola 10,050. Tangu siku hiyo hakuna mwandishi wa programu anayeweza kusema hakuonywa. Lakini programu za ruta bado zinaandikwa sana kwa lugha ya C, ambayo haimkatazi mtu kujaza beseni kupita ukingo. Inamwachia yeye mwenyewe akumbuke kupima, na mtu mwenye haraka husahau.

Hata NetUSB ile ile, baada ya kutibiwa mwaka 2015, iliugua tena. Januari 2022 kampuni ya SentinelOne ilieleza kosa jipya ndani yake. Safari hii programu ilipokea kutoka kwa mgeni namba ya ukubwa wa mzigo, ikaiongezea 17, kisha ikatenga nafasi kwa jumla hiyo bila kuangalia kama namba yenyewe inawezekana. Mgeni akitaja namba kubwa mno, jumla inapinduka na kuwa ndogo, kama kipimo cha kilometa cha gari kuukuu kinapomaliza tisa zote na kurudi sifuri. Kinatengwa kikombe, kinamiminwa pipa. Na mara hii mlango ulisikiliza hata upande wa nje. KCodes ilitengeneza dawa na kuwapa watengenezaji wa ruta.

Mwizi akishaimiliki ruta anataka nini? Picha zako za harusi hana haja nazo. Anataka njia. Ruta ndiyo inayoiambia simu yako anwani ya benki iko upande gani. Nchini Brazili, mwaka 2011 na 2012, iligundulika kwamba modemu za majumbani zipatazo milioni 4.5 zilikuwa zimebadilishwa maelekezo hayo. Kosa lililotumika halikuwa la kufurika, lilikuwa aina nyingine, lakini matokeo ndiyo nayotaka myaone: mtu aliandika anwani sahihi, asikosee hata herufi, akapelekwa kwenye ukurasa wa wezi unaofanana na ule wa kweli. Alikuwa hana kosa lolote.

Kwa hiyo mama, leo jioni igeuze ruta yako chali. Chini kuna karatasi iliyobandikwa yenye aina yake na namba za anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukiziandika namba hizo kwenye simu iliyounganishwa na ruta, utafunguliwa ukurasa wa kuitengeneza. Ukurasa huo una neno lake la siri, tofauti na lile la waifai, na katika nyumba nyingi bado ni lile la kiwandani, "admin". Libadilishe hilo kwanza. Kisha tafuta mahali palipoandikwa kusasisha programu, na usichomoe umeme wakati inaendelea, maana unaweza kuiua kabisa. Kama huna printa wala diski kwenye ruta, zima huduma ya kushirikisha USB. Zima pia ile ya kuiendesha ruta ukiwa mbali. Usipoelewa, muite kijana wako, lakini kaa naye muyafanye pamoja. Wengi hujua kufungua michezo tu.

Kama ruta umepewa na kampuni ya intaneti, marekebisho ni kazi yao, nawe una haki ya kuwapigia kuwauliza. Kama umenunua dukani, hasa iliyokwisha kutumika, swali ni moja: aina hii bado inapata marekebisho kutoka kwa mtengenezaji? Muuzaji mara nyingi hajui. Andika jina la aina hiyo, pamoja na herufi ndogo za mwisho zinazoonyesha toleo, ukatazame mwenyewe kwenye ukurasa wa mtengenezaji kabla ya kulipa. Ukikuta la mwisho lilitolewa miaka sita iliyopita, ruta hiyo iache dukani, hata ikiwa ni nusu bei.