Neno la Mhariri: Tofauti ya Nani, na ya Kiasi Gani?

Wapo wanaotaka tuache kabisa kudai nadharia tete katika tafiti zinazolinganisha wastani wa makundi mawili. Wanasema zimekuwa mapambo ya Sura ya Kwanza. Mimi nasema zibaki, ila ziandikwe kwa fikra.

Sentensi inayonikera ni ya aina hii: hakuna tofauti kati ya wastani wa alama za wanafunzi 40 wa kutwa na 40 wa bweni waliochaguliwa Kianjai. Hapo hakuna cha kujaribiwa. Wastani wa hao 80 unapatikana kwa kikokotoo, na tofauti inaonekana papo hapo. Nadharia tete inawahusu wanafunzi wote ambao sampuli hiyo inawawakilisha, wale ambao mtafiti hatawaona.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye nadharia tete mbadala. Wengi hufuta "hakuna", wakaweka "kuna", wakaendelea na safari. Lakini mbadala ndiyo yenye dai la mtafiti. Itaje mwelekeo, kama upo, na itaje kiasi. Tofauti ya alama mbili itamfanya mzazi wa Kianjai ahamishe mtoto? Ya alama kumi je? Kiasi hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa sampuli. Asiyekitaja huchukua sampuli ndogo, hushindwa kuikataa nadharia tete ya sifuri, kisha hutangaza kwamba makundi yanalingana. Hajathibitisha lolote la namna hiyo. Naye anayechagua mwelekeo baada ya kuziona alama huongeza maradufu uwezekano wa kuikataa kimakosa: asilimia 5 aliyoiandika ni 10.

Mfano wa dai lililofikiriwa tunao jirani. Mwaka 1998, Charlotte Neumann, Nimrod Bwibo na wenzao walianza utafiti wa lishe katika shule 12 za msingi huko Kyeni, Embu. Kwa kura, shule ziligawanywa makundi manne: githeri yenye nyama, githeri na maziwa, githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi lisilopewa chakula. Kundi la mafuta ndilo lililolipa dai uzito, kwa sababu lilitenganisha faida ya nyama na faida ya kushiba tu. Mbadala haikuwa "aliyekula atamshinda asiyekula". Katika jaribio la Raven la kufikiri, watoto wa kundi la nyama ndio walioendelea zaidi. Anayetumia matokeo hayo akumbuke kwamba zilizopigiwa kura ni shule, tatu kwa kila kundi. Watoto wa shule moja hawahesabiwi kana kwamba kila mmoja alipigiwa kura yake.

Toleo hili lina makala kuhusu Gosset, mtakwimu wa kiwanda cha bia cha Guinness aliyechapisha jaribio lake la sampuli ndogo mwaka 1908 kwa jina la Student. Nyingine inatetea mbinu ya Welch pale mtawanyiko wa makundi usipolingana. Nakubaliana nayo yote. Ya tatu inataka thamani ya p izikwe. Isomeni, ingawa naona inamhukumu mpimaji kwa kosa la aliyeuliza swali.

Ombi langu kwa wasimamizi wa tasnifu ni moja: msitie sahihi pendekezo lolote ambalo mbadala yake haitaji kundi zima linalohusika na kiasi cha tofauti chenye maana kwa watu hao. Dai hilo liandikwe kabla ya dodoso la kwanza kutoka.