Titi Lililoondolewa: Je, Yafaa Kulirejesha?

Dada yetu mmoja wa Songwa, mkoani Shinyanga, ametufikishia swali kwa mdomo wa shangazi yake, kwani haya zilimzuia kulileta mwenyewe. Titi lake la kushoto liliondolewa kwa sababu ya saratani. Matibabu yamekamilika na, alhamdulillahi, hali yake ni njema. Sasa amesikia kuwa mafuta ya tumbo lake mwenyewe yanaweza kulijaza pengo lile, naye anahofia kuwa huko ni kubadili maumbile ya Allah (s.w.). Mumewe bado hajamweleza. Tangu siku ya upasuaji bwana huyo analala chumba kingine.

Kuhusu dini, Swahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua vitani zama za ujahilia. Aliweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, madini ambayo mwanamume hakuruhusiwa kujipamba nayo. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Nalo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu waziwazi kulijenga upya titi lililoondolewa. Lililokatazwa ni kuligeuza umbile lililo sawa kwa kufuata matamanio tu.

Ama kazi yenyewe, tabibu huingiza mrija mwembamba chini ya ngozi ya tumbo au paja, akayanyonya mafuta taratibu ili chembe zake zisipasuke. Huyasafisha, damu na maji vikajitenga, kisha huyarudisha kifuani kwa sindano butu, matone madogo madogo, kila tone katika njia yake. Hapa ndipo ufundi ulipo, kwani tone lililo mbali na mishipa ya damu hufa kama mche uliohamishwa pasipo maji. Hata kazi ikifanywa vizuri, sehemu ya mafuta, pengine theluthi hadi nusu, hunyonywa na mwili, na mgonjwa hulazimika kurudi mara kadhaa. Kwa aliyeondolewa titi zima hiyo ni safari ndefu, na mwembamba huenda asiwe na mafuta ya kutosha.

Mwaka 1987 chama cha madaktari wa upasuaji huo Marekani kilikemea kudunga mafuta matitini, kwa hofu kwamba vinundu vya mafuta yaliyokufa vingeficha saratani katika picha. Mwaka 2009 kililegeza msimamo. Vinundu hivyo bado hutokea, hivyo kila atakayempiga picha baadaye aelezwe. Na kabla ya lolote, dada awaulize madaktari wake wa saratani, wawe wa Bugando au Ocean Road, iwapo wakati umefika.

Kwa sasa, titi la kitambaa lililojazwa pamba, ambayo Kishapu haikosekani, linasitiri vyema ndani ya sidiria.

Shangazi tumemwomba amfikishie mume gazeti hili.