Kigoma Haikuzaliwa na Reli

Bado wapo wasomi wanaoimba wimbo ule ule wa mkoloni: kwamba miji ya Afrika ilizaliwa siku Mzungu alipopiga hema porini, na kwamba pasipo boma na reli yake pasingekuwa na mji. Kasumba hii imo hata madarasani. Mwanafunzi akiulizwa habari za Ujiji hujibu upesi kwamba ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kana kwamba mji mzima ulikaa ukingoja wageni wawili wapeane mikono!

Ukweli ni kwamba Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 hawakuanzisha mji, waliukuta. Palikuwa na soko la samaki, mawese, nafaka na chumvi ya Uvinza. Palikuwa pia na misafara ya pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na doa hilo halina sababu ya kufichwa. Lakini mema na maovu yake yote ni ushahidi kwamba pale hapakuwa pori tupu.

Kisha wakaja Wajerumani. Reli waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika ziwani mwaka 1914. Haikwenda Ujiji kwenye watu na soko. Ilikwenda Kigoma, kilomita chache kaskazini, kwenye ghuba iliyofaa meli kubwa. Kwa mhandisi, uamuzi huo ulikuwa na maana. Kwa mtawala, shabaha ilikuwa kuvuta mali ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hadi pwani.

Vita vikaivuruga hesabu hiyo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, na vita vilipokwisha Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji. Waingereza waliorithi reli hawakujali kuiendeleza Buha. Waliigeuza kuwa ghala la manamba. Treni iliyosifiwa kuwa imeleta maendeleo ikawa inasomba vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mabepari, huku mashamba ya kwao yakikosa nguvukazi.

Wapo watakaotaja Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899 na leo ni jiji. Hoja hiyo ni dhaifu. Nairobi haikukuzwa na mataruma. Ilikua kwa kuwa mkoloni alihamishia huko makao ya serikali mwaka 1905, akapora ardhi nzuri iliyoizunguka, akaikabidhi kwa walowezi na kuwajengea kila huduma. Kigoma nayo ilikuwa na reli, tena na bandari. Haikupewa zaidi ya kazi ya kupitisha mizigo na watu.

Historia hii si ya makumbusho. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, ofisa mipango atakayedhani kazi imekwisha treni ikifika kituoni atakuwa anafuata ramani ya 1914. Hapana budi mawese yasindikwe Kigoma kwenyewe, dagaa wafungashwe huko huko, na Ujiji isiachwe kando mara ya pili.

Mwalimu naye ana wajibu wake. Aanze somo la Ujiji kwa soko lake na watu wake. Stanley anaweza kungoja.