Mpangilio wa Picha za Miswada ni Uhakiki

Aghalabu mtafiti wa tenzi za kale hurejea kutoka Lamu na mamia ya picha za miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kila picha huwa na jina lililotolewa na kamera, mathalani DSC_0001. Nambari hizo hufika 9999 kisha huanza upya, wala hazijui ubeti upi hutangulia.

Tarakilishi huweza kuyabadilisha majina yote kwa amri moja, lakini hufuata mpangilio inaoukuta. Ukurasa uliorukwa, ukapigwa picha mwishoni, utapewa nambari ya mwisho. Msaidizi asiyeijua hati akianzia kushoto, utenzi mzima utakwenda kinyumenyume.

Hapana budi, basi, mtafiti azipange picha kwa kufuata kurasa za mswada, ndipo atoe amri. Nambari zitangulizwe sufuri, yaani 001 badala ya 1, kwani baadhi ya programu huiweka 10 kabla ya 2. Nakala asilia nazo zihifadhiwe kando bila kuguswa.

Kazi hii isiachiwe mafundi wa mitambo pekee; ni hatua ya kwanza ya uhakiki wa matini. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.