Gunia la DAP na Ahadi ya Moroko

Baadhi ya DAP tunayopandia mahindi hutoka Moroko. Huko kampuni ya OCP, ambayo sehemu kubwa ni mali ya Serikali, huchimba mawe ya fosfati pale Khouribga. Zamani mawe yalikaushwa kwa moto na kupelekwa pwani kwa gari moshi. Tangu mwaka 2014 mengi husagwa, huchanganywa na maji, na kupitishwa katika bomba mpaka Jorf Lasfar. Kazi hiyo ni nzuri, na moshi umepungua.

OCP imeahidi pia kwamba ifikapo 2040 haitaongeza tena hewa ya kaboni duniani. Lakini tusitazame mgodi peke yake. Gunia la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni, itokanayo na amonia. Kwa kawaida amonia hutengenezwa kwa gesi ya ardhini, na OCP imekuwa ikiinunua nchi nyingine. Moshi wake hutoka huko! Basi ahadi ipimwe hapo. Kampuni yasema itatengeneza amonia kwa umeme wa jua na upepo. Viwanda hivyo ndivyo tunavyongojea kuviona.

Si mambo ya wakubwa tu. Mwenye eka tano, mvua ikikatika baada ya kupanda, hupoteza mbegu na deni hubaki.

Nasi tuna sehemu yetu. Naitrojeni isiyotumiwa na mimea, sehemu yake hugeuka hewa inayotia dunia joto kuishinda kaboni mara 270 hivi, kilo kwa kilo. Mwulize Bwana Shamba jinsi ya kuchukua udongo wa kupimwa, kabla hujanunua gunia la msimu ujao.