Jicho la Rubani Mbele ya Kioo cha Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza kujifunza urubani wa kuiga kwa kompyuta, naye akachagua kuanzia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, aghalabu hupatwa na mshangao. Ndege yake imesimama mwanzoni mwa njia ya kurukia, hakuna wingu, na upande wa kaskazini mashariki umesimama mlima. Lakini mlima wenyewe ni kama kichuguu. Aliyewahi kusimama uwanjani hapo asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, anajua kwamba Kibo hakionekani hivyo. Kilele kiko umbali wa kilomita 50 hivi, nacho kimepita usawa wa uwanja kwa karibu mita 5,000. Kwa hesabu hiyo kinasimama digrii 5 na nusu hivi juu ya upeo wa macho, yaani kiasi cha vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Kiooni kimekuwa kidole kimoja na nusu.

Wengi humlaumu mtunga programu na kusema kwamba amekosea vipimo vya mlima. Lawama hiyo haina msingi. Ramani ni sahihi, na kimo ni sahihi. Kilichopotoka ni pembe ya kuona, ambayo mwanafunzi mwenyewe, au rafiki aliyemfundisha, ameipanua ili ubao wote wa vipimo uonekane kwa mara moja. Ushauri huo wa kupanua pembe hupokezanwa sana miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu, na hutolewa kana kwamba ni jambo la kupenda tu, sawa na kuchagua rangi ya ndege. Rai inayotolewa hapa ni kwamba si jambo la kupenda. Ni jambo la jometri, na jibu lake hupatikana kwa rula.

Tuchukue kioo chenye upana wa sentimita 60, na jicho la mtazamaji likiwa sentimita 60 mbele yake. Nusu ya upana ni sentimita 30. Ukigawanya 30 kwa 60 unapata 0.5, ambayo ni tanjenti ya nusu ya pembe inayotakiwa. Nusu hiyo ni digrii 26 na nusu, na pembe nzima ni digrii 53. Kioo hicho, kwa jicho hilo, ni dirisha la digrii 53, wala hakiwezi kuwa zaidi. Programu ikiamriwa kuonyesha digrii 90 ndani ya dirisha la digrii 53, hapana budi ivibane vitu. Tanjenti ya digrii 45 ni 1, na 0.5 ikigawanywa kwa 1 ni nusu. Kwa hiyo kila kitu kilicho katikati ya kioo kitaonekana kwa nusu ya ukubwa wake wa kweli. Kibo, ambacho kilistahili kuchukua karibu sentimita 6 za kioo, kinapewa sentimita 3.

Kanuni hii si mpya. Mwanzoni mwa karne ya 15, huko Florence, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo juu ya ubao, kisha akatoboa tundu katika ubao wenyewe. Mtazamaji alichungulia kwa nyuma kupitia tundu, akaiona picha katika kioo cha kujitazamia kilichoshikwa mbele yake. Tundu hilo lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kulilazimisha jicho likae mahali pamoja, maana kila picha ya aina hiyo ina mahali pake pamoja pa kutazamiwa. Picha ya digrii 90 katika kioo cha sentimita 60 ina mahali pake pia, nao ni sentimita 30 kutoka kiooni. Mwalimu anaweza kuwathibitishia wanafunzi jambo hili bila chombo chochote: wafumbe jicho moja na kusogeza uso polepole. Saa za pembeni, ambazo zilikuwa zimevutika kama mayai, zitarudi kuwa mviringo. Bahati mbaya hakuna anayeweza kurusha ndege kwa saa nzima akiwa ameubandika uso wake kiooni.

Huenda mtu akauliza, kuna hasara gani mlima ukionekana mdogo, maadamu mchezo ni mchezo? Kwa anayecheza tu, hakuna. Lakini wako vijana wanaoutumia mchezo huu kujiandaa kwa masomo ya urubani, na kwao hasara hujitokeza wakati wa kutua. Ndege inayoshuka kwa mteremko wa kawaida wa digrii 3 huuona mahali pa kugusia chini pakiwa digrii 3 chini ya upeo wa macho. Katika kioo chetu, kikiwa kimepangwa sawasawa, nafasi hiyo ni sentimita 3 na kidogo. Pembe ikipanuliwa hadi digrii 90, nafasi inakuwa sentimita 1 na nusu hivi, na jicho la mwanafunzi linazoea kwamba hiyo ndiyo nafasi njema. Siku atakapokaa katika ndege halisi, kama atautegemea mazoea hayo peke yake, jicho litadai nusu ya mteremko. Umbali wa kilomita 4 kutoka mahali pa kugusia, mteremko wa digrii 3 huiweka ndege mita 210 juu ya ardhi. Mteremko wa digrii 1 na nusu huiweka mita 105. Tofauti hiyo yatosha kabisa kuikutanisha ndege na miti au kilima kabla ya uwanja.

Liko jambo moja ambalo pembe ya kuona hailigusi, na walimu wa hisabati watalifurahia. Picha ikikuzwa au ikipunguzwa, huongezeka ama hupungua kwa kila upande kwa kadiri ileile, kwa hiyo umbo la njia ya kurukia halibadiliki. Rubani aliye juu ya mstari wa katikati, akitazama mbele sawasawa, huuona kila ukingo wa njia ukiwa umeinama. Tanjenti ya pembe iliyopo kati ya ukingo na mstari wa wima ni nusu ya upana wa njia, ikigawanywa kwa kimo cha jicho juu ya njia. Katika njia ya upana wa mita 45, jicho likiwa mita 60 juu, pembe hiyo ni karibu digrii 21. Likishuka hadi mita 15, pembe inakuwa digrii 56, na kingo zinafunguka kama miguu ya mtu anayechuchumaa. Hesabu hii haina upana wa kioo ndani yake, wala pembe ya kuona. Mwanafunzi mwenye kioo kibovu, au asiye na nafasi ya kupima, ajifunze kutazama mfunguko wa kingo, kwa kuwa humo hadanganywi. Ukubwa wa njia, na umbali wake chini ya upeo wa macho, ndivyo vinavyodanganya.

Wanaotetea pembe pana wana hoja, wala si ya kipuuzi. Macho mawili ya binadamu huona karibu digrii 200 kwa upana, hivyo dirisha la digrii 53 ni kifungo. Rubani hawezi kuona saa za chini, wala ncha ya bawa. Hoja ni ya kweli, ila dawa yao inaponya ugonjwa kwa kuleta mwingine. Kwanza, hata saa zenyewe huonekana kwa shida, maana nukta za kioo haziongezeki kwa kuwa pembe imepanuka. Katika kioo chenye nukta 1,920 kwa upana, njia ya mita 45 iliyo umbali wa kilomita 5 hupata nukta 17 pembe ikiwa digrii 53, na hupata chini ya 9 pembe ikiwa digrii 90. Tarakimu za kipimo cha kimo hupatwa na msiba huohuo. Pili, kuna njia nyingine ambayo wengi huichanganya na hii, nayo ni kusogeza kiti.

Kusogeza kiti nyuma na kupanua pembe si kitu kimoja, ingawa kwa haraka hufanana. Kichwa cha rubani kikirudi nyuma sentimita 20 ndani ya chumba chake, ubao wa vipimo ulio karibu hupungua waziwazi, lakini Kibo kilicho kilomita 50 hakitikisiki. Pembe ikipanuliwa, vyote viwili hupungua pamoja. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuipanga pembe kwanza kwa hesabu ya rula na kuiacha hapo, kisha kukitafutia kiti mahali pake, juu au chini, mbele au nyuma, mpaka sehemu ya juu ya ubao na sehemu ya kutosha ya njia vionekane pamoja. Saa iliyo mbali isomwe kwa kuikuza picha kwa nukta chache za muda, halafu picha irudishwe. Bawa litazamwe kwa kugeuza kichwa kwa kitufe, kama rubani wa kweli anavyogeuza shingo.

Watengenezaji wa ndege kubwa hawakuuacha mpango wa kiti kwa hiari ya mtu. Katika ndege za Airbus, mbele ya marubani, kati ya vioo viwili vya mbele, vimewekwa vigololi vidogo vyekundu na cheupe. Rubani hupandisha, hushusha na kusogeza kiti chake mpaka kigololi cha karibu kikae sawa mbele ya kile cha mbali, ndipo ajue kwamba jicho lake liko pale mhandisi alipolikusudia. Nazo mashine kubwa za kufundishia marubani wa mashirika hutumia kioo kilichopinda, kinachoileta picha machoni kana kwamba inatoka mbali sana, ili marubani wote wawili waione njia mahali pake.

Shule yenye kompyuta moja katika maabara haihitaji mitambo hiyo. Programu ya FlightGear hutolewa bure, na pembe ya kuona hubadilishwa humo kwa kubonyeza herufi x. Kinachobaki ni uzi. Ncha moja ifungwe ukingoni mwa kioo, upigwe fundo penye sentimita 60, na kila mwanafunzi anayeketi aligusishe fundo hilo kwenye kipaji chake kabla hajagusa usukani.